Bawa la Chini Hutangulia

Kaka yangu Murshid haamini kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu. Mpe sahani ya pilau, ataiinua juu ya kichwa kwanza aone kama chini yake pana ufa. Kwenye harusi moja hapa Xiaobei, mtaa wetu wa Guangzhou, watu walikuwa wanakula, yeye kashika pindo la pazia la ukumbi anahesabu mishono. Nilimfinya mkono. Akaninong'oneza kwamba mishono saba kwa inchi haitoshi. Huyo ndiye mtu niliyetoka naye tumbo moja.

Kazi yake ni ukaguzi wa mali. Wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Lubumbashi huja Guangzhou wakaagiza, wakarudi makwao, na mzigo ukiwa tayari Murshid huenda kiwandani na utepe wake wa kupimia. Mimi nasafirisha mizigo. Ofisi yetu ni chumba kimoja ndani ya jengo la Tianxiu kilichogawanywa kwa kabati, kwa hiyo kelele zake zote nazisikia. Silaha yake ni sampuli. Kabla ya viatu mia tano kushonwa, mteja na laoban, mwenye kiwanda, hukubaliana juu ya kiatu kimoja, wote wawili wakatia saini kwenye soli, kikafungwa mfukoni na kukaa kwetu. Siku ya ukaguzi kisichofanana na kiatu kile ni kibovu, hakuna mjadala.

Ana tabia mbili ambazo nimezipigia kelele miaka kumi na minne. Ya kwanza, akiona kasoro hamwambii mteja. Huirekebisha kwanza, kisha ndio aseme. Eti mteja amelipia usingizi wake. Ya pili, hajapata kukiri kosa mbele ya laoban hata mara moja. Wakaguzi wote hapa wana sheria hiyo: ukisema "nimekosea" kiwandani, umekwisha, kila kasoro ya kesho itakuwa ni wewe uliyekosea.

Mwezi wa nne akaja Mama Bernadette wa Lubumbashi, mteja wetu wa blauzi za soko la Zhanxi. Ni mwanamke mpole, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote, na akikaa kwetu hukaa kwa soga. Safari hii, mbali na blauzi, alikuwa ameagiza kitu kimoja tu, kisicho cha kuuza. Ni ndege ya mbao, urefu wa mkono mzima, kutoka karakana ya bwana mmoja aitwaye Liang ambaye hutengeneza vijumba vya maonyesho kwa wauza majengo. Wauza majengo wamepungua siku hizi, na Liang sasa hutengeneza lolote utakalomletea.

Ndege ilikuwa ya baba yake Bernadette. Mzee Mulumba ana miaka themanini na miwili. Alikuwa fundi kwenye uwanja mdogo wa ndege, na alipoanza kazi ujanani mapadri walimpa gazeti kuukuu la Kifaransa lenye habari za mashindano ya ndege ya Marekani, yale ya kati ya vita viwili vikuu. Ukurasa mmoja wenye picha ya ndege aliubandika ukutani mwa banda, akauchukua alipostaafu, akaukunja akauweka kwenye Biblia. Miaka miwili iliyopita macho yake yalizimika kabisa. Ukurasa haumfai tena. Bernadette alitaka aishike ndege hiyo kwa mikono kabla hajafa, na kwa alivyomwacha akiugua kifua, mwaka mwingine haukuwa ahadi. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi jioni.

Murshid alisahau chai yake. Akauliza ndege zinashindanaje, na watazamaji wanaona nini, moja ikiwa huku na nyingine mbinguni. Bernadette akamweleza kama alivyoelezwa na baba yake: mjini Cleveland walisimamisha minara, ndege zikaizunguka chini chini, watu maelfu wamekaa majukwaani shingo juu. Na kulikuwa na mbio nyingine za kuvuka Marekani yote, bahari hadi bahari. Mwaka 1936 waandaaji waliweka zawadi ya pembeni kwa wanawake watakaofika, hata wakiwa wa mwisho. Wanawake wawili wakaondoka New York na ndege ya buluu yenye mabawa mawili kila upande, moja juu na moja chini, wakafika Los Angeles wa kwanza, mbele ya wanaume wote. Ndiyo ndege ya kwenye ukurasa.

"Bajomba balikataa mimi nikuje China," alisema Bernadette. "Papa yangu akabaonyesha ile karatasi. Akasema, banamuke babili balishinda banaume bote, na huyu wangu aende."

Kisha akapanda treni kwenda mji wa Yiwu kununua vifungo. Alimwachia Murshid kazi ya kuikagua ndege na kuileta.

Siku tatu zile kaka yangu hakuwa na maneno mengine. Mchana kutwa simu mkononi, akitazama picha za miaka ile na kunijia upande wangu wa kabati kunisimulia nikiwa na wateja. Kumbe mafundi wa kawaida kabisa walijenga ndege vibandani mwao, wakaenda kuzishinda ndege za jeshi. Kumbe kulikuwa na ndege nene kama pipa, rubani kaketi karibu na mkia, na wengi walikufa nazo. Kilichomkera ni kimoja.

"Nani alikuwa anazikagua, Sihaba?" aliniuliza. "Mtu anajenga, kesho anapanda. Sampuli yake iko wapi?"

Nikamwambia sampuli ilikuwa roho ya rubani. Hakucheka.

Alhamisi akaenda kwa Liang. Ndege ilikuwa imekwisha, buluu inayong'aa, magurudumu yanazunguka. Akapima urefu, sawa. Akapima upana, sawa. Kisha akaitazama kwa ubavu, na damu ikamchemka. Bawa la chini lilikuwa limetangulia mbele, la juu limerudi nyuma. Katika siku zake tatu za kutazama picha alikuwa ameona ndege za mabawa mawili si haba, na zote la juu ndilo lililokuwa mbele. Akataka kuona mchoro. Liang akamwonyesha kwenye simu picha ya ule ukurasa wa Mzee Mulumba, na mkunjo wa miaka mingi ulikuwa umepita palepale penye mabawa na kuifuta picha. Liang akasema yeye aliona hivyo. Murshid akasema ameona vibaya.

Sampuli haikuwepo. Mtu mwingine angempigia simu mteja. Murshid hapigi. Liang akasema mei wenti, hakuna tatizo, maana karakana isiyo na kazi haibishani na mwenye utepe. Mafundi wake wakayang'oa mabawa, wakaziba matundu, wakayapachika upya: la juu mbele, la chini nyuma. Murshid akaileta ofisini Ijumaa asubuhi, anajisifu kwangu kwamba amemwokoa mama wa watu.

Bernadette alifika baada ya sala ya Ijumaa. Akafungua boksi, akatazama. Akafumba macho, akaweka vidole kwenye pua ya ndege, akavipitisha taratibu kama atakavyovipitisha baba yake, hadi kwenye mabawa. Hapo vikasimama.

"Haiko yenyewe," alisema. "Kaka Murshid, ile bawa ya chini njo inatangulia. Ni ndege yote, hiyo. Batu balicheka, bakasema bameijenga kinyume. Papa atagusa hapa, atajua mara moja nimemuletea ingine."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. Murshid alisimama kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Mimi nilikuwa na hasira naye, na huruma pia, kwa sababu nilijua hakuna kitu anachokiogopa duniani kuliko hiki, mali mbovu kupita mikononi mwake. Na hii hakuipitisha tu. Aliiharibu mwenyewe.

Tukachukua teksi sote watatu. Liang aliposikia tunataka mabawa yarudi yalikokuwa, akatikisa kichwa: mei banfa, hakuna njia. Gundi imekauka, mabawa yatavunjika, itabidi yachongwe mapya, rangi nayo inataka siku. Tena jana si yeye aliyesema aliona hivyo? Si aliambiwa ameona vibaya? Kosa la nani? Alisema hayo mbele ya mafundi wake wote.

Najua kaka yangu angeweza kujibu nini. Angeweza kusema mchoro haukusomeka, karakana haikuuliza, na kadhalika. Nimemsikia mara elfu. Akaweka utepe mezani.

"Laoban," akasema kwa Kichina chake cha viwandani, "wewe ulikuwa sahihi. Mimi nimekosea."

Liang akaita fundi aliyekuwa anavaa koti aende zake, akamwambia alivue, akaweka maji ya chai. Kwa kuwa mtu amekuja bila ngao, hakuwa na wa kupigana naye. Mashine ikakata mabawa mapya, na jua halijazama kaka yangu alikuwa sakafuni anapiga msasa. Jumamosi adhuhuri rangi ilikuwa imekauka.

Ila kulibaki jambo. Matundu yaliyotobolewa Alhamisi yalikuwa yamezibwa na kupakwa rangi, na kwa macho huoni kitu. Lakini Murshid alifumba macho akapitisha kidole, akayapata yote manne. Akapiga msasa tena, akafumba tena, akayapata tena. Kiatu chenye kiraka cha namna hiyo angekitupa. Ikambidi aifunge hivyohivyo, na Bernadette akaenda nayo uwanja wa ndege ameipakata.

Jumanne mchana simu ya Murshid ikaita, ya video. Alikuwa Bernadette, na mbele yake mzee mwembamba kwenye kiti cha ukindu, ndege mapajani. Vidole vilikuwa vinene, vya fundi. Vikapita kwenye pua, vikafika bawa la chini, vikapanda, vikalitafuta la juu, vikalikuta nyuma. Mzee akatabasamu, akasema kitu kwa sauti ndogo ambacho hatukukisikia. Mimi nikavuta pumzi. Kisha vidole vikarudi ubavuni, vikasimama.

"Hapa kulipachikwa kitu," akasema. "Kikang'olewa. Tena hapa."

Bernadette akatazama pembeni. Nilimkanyaga kaka yangu mguu chini ya meza, sijui hata nilitaka aseme au anyamaze.

"Shikamoo mzee," akasema Murshid. "Ni mimi. Nilidhani wamekosea, nikalirudisha bawa la chini nyuma. Nisamehe, mzee wangu. Mpaka leo sijui kwa nini linatangulia."

Mzee akageuza uso upande ilikotoka sauti.

"Hujui?" akasema. "Na unataka kujua?"

"Nataka, mzee."

"Miaka mbili sasa, mutoto wangu," akasema. "Tangu macho yangu yakufe, batu banauliza tu kama nimekula, kama nimemeza dawa. Hakuna mutu ameniuliza kitu chenye miye ninajua."

Akaigeuza ndege mapajani, pua yake ikaelekea kwetu. Murshid akavuta kiti.