Kahawa Iliyomwagika Pembeni ya Finjani

Mwanangu, siku ile ya Idi nnaikumbuka mpaka leo, na hasira zangu nnazikumbuka zaidi. Ulikuwa na miaka sita. Nyumba yetu ya Ruwi imejaa wageni, nikakupa dalla, lile birika la kahawa, uwamiminie. Bibi yako wa Bustan akanyoosha finjani yake, ukamimina pembeni, kahawa yote kwenye nguo yake mpya.

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Na mimi, unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikakwambia mbele ya watu, "Mzembe wewe, macho umeyaweka wapi?"

Ukajibu polepole, "Mama, finjani nimeiona hapo hapo."

Nikakunyang'anya dalla. Wageni wakacheka. Kicheko kile kinaniuma, maana mlango nilikifungulia mimi.

Khaleti yako Zuwena, mdogo wangu, hakucheka. Yeye kazi yake chuo kikuu ni utafiti wa hesabu za kuona, na nilikuwa nikimtania, "Watu wanaona tu, wewe unapiga hesabu." Wageni walipoondoka akatia maji kwenye dalla, akaniziba jicho moja kwa shela, akanyoosha finjani.

"Haya dada, fundi wa kahawa. Mimina."

Nikamimina. Maji mapajani kwake.

"Mzembe wewe," akaniambia.

Akanieleza kuwa kila jicho lina picha yake, na picha hizo mbili zimepishana kidogo. Ubongo hupiga hesabu ya kupishana huko, ndipo ukajua kitu kiko mbali kiasi gani. Kisha akakuziba wewe jicho la kushoto. Ukamimina pembeni vile vile kama mwanzo.

"Liwe wazi, liwe limezibwa, ni mamoja. Jicho hili halimo kwenye hesabu," akasema. "Mpeleke kwa daktari, angali mdogo."

Usilolijua ni usiku wa giza. Daktari akakuziba kwa kiraka jicho la kulia, lililo zima, lile vivu lilazimike kufanya kazi. Miezi mingi, kila alasiri, ukinimiminia maji, na mimi nimekaa na nguo zilizorowa, kimya.

Basi ukija kuwa mama, mtoto akikosea jambo lile lile mara tatu, muulize anaona nini kabla hujamfokea. Na ukimfokea mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu. Mimi nilikutaka radhi Idi iliyofuata, wageni wale wale wamekaa, dalla nimekukabidhi, bibi yako kanyoosha finjani. Kahawa ikaingia ndani, nje likamwagika tone moja tu.

Mungu akutilie nuru machoni, mwanangu, na akupe subira ambayo mama yako hakuzaliwa nayo.