Bilauri Isiyo na Sukari

Jirani zetu wa mtaa wa Azaiba, huku kwa Waarabu, ni Watamili, Wahindi wa kusini, na binti yao alimpenda kijana wa mtaa wa Ansab, Mtamili mwenzake. Ukidhani hapo kazi imekwisha, subiri nikueleze. Baba wa binti alishaapa kwamba mkwe atamtafuta mwenyewe: nyota zilinganishwe, ndipo wazee wakutane. Ndoa ya mapenzi kwake ni mtoto kumvua mzazi kilemba.

Basi vijana wakapanga ndoa yao ipangwe. Shangazi wa kijana akajifanya amesikia hekaluni habari za binti mwema, akapeleka posa. Nyota zikapatana. Ikabaki siku ya kumwona binti, ambapo yeye huwaletea wageni kahawa, macho chini, kana kwamba hajapata kumwona huyo kijana.

Mama wa binti, aliyeijua siri yote, akatualika mimi na mama yangu tumpe binti moyo. Kijana alipoingia tu, mama yangu akasema kwa Kiswahili, sauti yote:

"Huyu si yule nnayemuona kila Ijumaa hapo chini, garini na binti wao?"

"Mama, nyamaza."

"Nnauliza tu, mwanangu."

Baba mwenye nyumba akageuka, akauliza kwa Kiarabu chake cha dukani, "Bibi anasemaje?"

"Anasema kijana ana adabu."

"Sikusema hivyo," mama akaninong'oneza.

Binti akaja na sinia la bilauri. Kijana akanyoosha mkono achukue ya mbele. Binti, macho chini vilevile, akalizungusha sinia mpaka ya nyuma ikamfikia. Mjomba wa kijana akaisifu kahawa kwa utamu.

"Yangu haina sukari," kijana akasema kwa furaha. "Ndivyo ninavyoipenda."

Vichwa vyote vikamgeukia binti: amejuaje? Binti akabaki kuvitazama vidole vyake vya miguu. Neno moja la baba lingetosha kuwarudisha wageni Ansab. Naye akamtazama bintiye, akaitazama ile bilauri, akainywa yake polepole mpaka povu la mwisho.

"Mnaona?" akasema. "Nyota hazisemi uongo. Hata kahawa imejua."

Wakaoana. Mpaka leo baba huyo akitukuta kwenye lifti hunihimiza nami niwachagulie wanangu, nisiwaachie wenyewe. Mama humwitikia kwa Kiarabu kwamba kweli, jicho lake halikosei. Tukishatoka, huniambia:

"Hata mie, babako nlichaguliwa na mamangu. Nlimuonesha tu pa kutazama."