Dole la Mke

Karani wa ofisi ya ardhi hagongi mhuri mpaka aupulizie mara mbili, kama mtu anayepoza chai. Kila karatasi huinyoosha kwa kiganja, akailinganisha na ukingo wa meza, kisha akaipangusa kwa leso nyeupe ambayo hata pua yake haijawahi kuigusa. Sauti yake ni ya kubembelezea mtoto. Ni rafiki wa mume wangu, amekula kwangu miaka kumi na tisa, na siku zote huniita shemeji. Nilimwendea kuzuia mume wangu asiiuze nyumba yetu, maana haiuzwi mpaka mke aridhie, na mimi sikuridhia.

“Mke ameridhia, shemeji,” akasema, akanifungulia faili. Kweli palikuwa na alama ya dole gumba, nene, imekaa katikati ya kisanduku.

“Hilo si dole langu!”

“Tuhakikishe.” Akanishika mkono, akalichovya dole langu kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi, akazitazama alama zote mbili kwa lenzi huku akihema. “Kweli, si lako. Basi wewe si mke.”

“Leo hunijui?”

“Mimi nakujua, shemeji. Faili ndilo halikujui. Na pingamizi tunapokea la mke tu.”

Akaupulizia mhuri mara mbili, akagonga. Kisha akaitoa ile leso nyeupe, akanifuta wino polepole mpaka ukuchani. “Msalimie kaka. Mwambie Jumapili nakuja kula, kama mtakuwa hamjahama.”