Garantii ya Friji Langu

Mimi Shabani sionewi na mwenye duka, iwe Kariakoo iwe Guangzhou. Mwaka ule, tisini na kitu, nikiishi huko Guangzhou, China, friji langu jipya lilizimika baada ya wiki mbili. Laoban, yaani mwenye duka, akaitazama kadi yangu ya garantii na kudai friji ni zima. Nikakaa mlangoni kwake siku tatu, nikiwafukuza wateja kwa ishara. Siku ya nne akaniletea fundi nyumbani.

Nikawaita Watanzania wenzangu waje kushuhudia. "Garantii ni ahadi," nikawahubiria. "Asiyeitimiza asifanye biashara!"

Fundi hata hakulifungua friji. Aliufuata waya mpaka nyuma ya pazia, akakuta stabilaiza, kile kidude cha kutuliza umeme, niliyoitoa kwenye mzigo wangu wa kwenda kuuza Dar, maana sisi hatuchomeki friji ukutani hivi hivi. Akaliondoa friji hapo, akalichomeka ukutani moja kwa moja. Likanguruma.

Kisha akaigeuza stabilaiza, akamwonyesha kibandiko Bi Rehema, mkalimani wetu.

"'Shabani wa Kariakoo, garantii miaka miwili,'" Bi Rehema akasoma kwa sauti, akamtafsiria fundi, kisha akanigeukia. "Kaka, fundi anauliza huyu Shabani anapatikana wapi, ukakae mlangoni kwake."