Mtu wa Pili Garini

Povu aliosha teksi za watu miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote hakuendesha hata moja zaidi ya hatua thelathini, kutoka kwenye bomba hadi kwenye foleni. Hatua hizo thelathini alizipenda kuliko chakula. Ataketi, atarekebisha kioo kisicho na haja ya kurekebishwa, atatia gia taratibu kama anayemshika mgonjwa mkono, atafika, atazima, atashuka. Madereva walimcheka.

"Povu, leo umekwenda mbali. Abiria amelipa?"

Naye alicheka nao. Mtu anayeishi kwa ndoo na kitambaa hachagui vicheko.

Wala hakuwa mgeni wa usukani. Miaka ishirini na minne nyuma alikuwa dereva kama wao, kijana wa shati safi. Siku moja mchana fundi cherehani mmoja, mwanamke mtu mzima, alimkodi ampeleke nyumbani, cherehani yake ikiwa kwenye buti. Njiani akashuka kununua dawa. Alipotoka dukani akakuta barabara tupu. Hapana cha kupamba hapo: waliiba. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikiweka sufuria jikoni kwa yule mama, na ilipouzwa haikuonekana tena. Povu alikamatwa siku ya tatu, akakiri, akafungwa miaka minne.

Walikuwa wawili garini. Aliyekaa kiti cha mbele alikuwa rafiki yake, ndiye aliyesema, "Ondoa gari, unangoja nini?" Ndiye aliyeiuza pia. Polisi walipouliza, Povu alisema alikuwa peke yake. Hakimu alipouliza, akasema vilevile. Mwanzo ulikuwa ubishi wa ujana tu, kuona kwamba mwanamume hamtaji mwenzake. Lakini mwaka wa pili wa kifungo dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuja kumtazama na mkate, sabuni na habari: ameolewa. Akamtaja mume.

"Mbona hufurahi?" dada akauliza.

"Nimefurahi, dada."

Basi yule rafiki akawa shemeji, na ule ubishi wa ujana ukageuka mzigo wa kubeba hadi kaburini.

Shemeji alipanda. Alinunua teksi moja, akanunua ya pili, akachaguliwa kiongozi wa madereva pale kituoni. Walimwita Miwani, kwa sababu kila akitaka kusema uongo mkubwa huvua miwani kwanza, akaifuta. Mwishowe akaingia kwenye kamati ya leseni, kuwasemea madereva. Povu alipotoka jela, Miwani ndiye aliyempa ndoo. Dada hakuacha kumkumbusha hilo.

Sasa, kamati ile ilikuwa na utaratibu wake kwa watu wenye hukumu za zamani. Ikiwa miaka kumi imepita na hujarudia, hawakukatalii kwa kosa. Ila unasimama mbele ya meza, unaeleza kwa kinywa chako ulichofanya, chote. Ukimaliza, karani anafungua faili na kusoma hukumu. Maneno yako na ya faili yakilingana, unagongewa mhuri. Yakipishana, hukutubu, nenda zako, rudi baada ya miaka mitano. Mwenyekiti, mama mmoja mnene aliyeshika mhuri tangu unaletwa mpya, alikuwa akisema mwizi anaweza kuacha wizi, mwongo haachi uongo.

Povu alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mitano mingine hakuwa nayo, mgongo ulikuwa umeshamwambia. Mwenye gari mmoja mzee alikuwa tayari kumpa teksi aendeshe. Kilichobaki ni ile karatasi.

Kusoma hakukuwa kazi yake, na faili lenyewe hakuwahi kuliona. Wajumbe wao hupewa mafaili wiki moja kabla. Kwa hiyo alimfuata Miwani nyumbani, akamkuta sebuleni amenyoosha miguu.

"Shemeji, kwenye faili wameandika tulikuwa wangapi?"

Miwani alitazama mlango wa jikoni, ambako dada alikuwa akiosha vyombo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Wewe ulisema wangapi mahakamani?"

"Mmoja."

"Basi wangeandika wangapi? Nimesoma kwa macho yangu. Mmoja. Nenda kaseme vilevile, usiongeze wala usipunguze."

Kosa la Povu lilikuwa hilo. Aliona miwani inafutwa, na akili yake ikamwambia mtu hawezi kumfanyia hivyo mjomba wa watoto wake.

Siku ya kamati alivaa koti la kuazima lililomfika magotini. Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa kulalamika, na waombaji wote waliketi kwenye benchi ukutani wakisikilizana. Aliyemtangulia alikuwa jamaa mwembamba.

"Niliiba kuku," alisema. "Majogoo wawili na tetea mmoja. Yule tetea alinifia mkononi kabla sijamuuza."

Karani akasoma: majogoo wawili, tetea mmoja, tetea amekufa.

"Angalau wewe na faili mmemzika pamoja," mwenyekiti akasema, akagonga mhuri. Benchi zima likacheka. Povu naye akacheka, moyo ukashuka mahali pake.

Akaitwa. Akasimama, mikono nyuma. Akaeleza cherehani, buti, duka la dawa. Hakujitetea. Alisema yule mama alikuwa na umri wa mama yake, na kwamba siku ya hukumu alimwona mahakamani amekaa na mikono mitupu mapajani, kama mtu aliyesahau mikono ni ya nini. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Kama kura ingepigwa hapo, angepata.

"Mlikuwa wangapi?" mwenyekiti akauliza.

"Peke yangu, mama."

Karani akafungua faili. Alisoma kama anayesoma bei za sokoni. Siku fulani, gari namba fulani, mshtakiwa, "pamoja na mtu mwingine aliyekaa kiti cha mbele, ambaye mlalamikaji alimwona vizuri, na ambaye hakupatikana."

Feni ikaendelea kulalamika. Yule fundi alikuwa amesema mahakamani alichokiona, na hakimu alimwamini yeye. Povu wakati huo alikuwa akitazama sakafu, hakusikia. Miaka ishirini na minne aliamini yaliyoandikwa ni aliyoyasema.

"Rudia," mwenyekiti alisema. Karani akarudia.

"Umetusimulia vizuri mpaka nikakuonea huruma," mwenyekiti akamwambia Povu. "Kumbe unatuchekesha. Haya, mimi si mtu mbaya. Nakupa nafasi moja, ambayo siwapi wengi. Mtaje huyo wa pili, hapa hapa, nami nitagonga."

Povu akamtazama Miwani. Miwani alikuwa mwisho wa meza, miwani iko mkononi, kitambaa kinazunguka kwenye kioo polepole.

"Mtaje tu, shemeji," Miwani akasema kwa upole. "Usione haya kwa sababu nipo. Undugu usikuzuie. Unamficha mtu ambaye pengine hata hakukumbuki."

Mjumbe mwingine akatikisa kichwa kwa kusikitika, akasema kiongozi wa madereva ana moyo.

Jina lilifika ulimini. Lilikuwa jina fupi. Povu alimwona dada yake kwenye lango la jela, mwezi baada ya mwezi, mkate kwapani, akipekuliwa na askari wa kike mbele ya watu ili tu amwone yeye robo saa. Akawaona watoto wake watatu. Akalimeza lile jina.

"Nilikuwa peke yangu."

"Miaka mitano," mwenyekiti akasema. "Anayefuata."

Miwani alimfuata ukumbini, akamshika bega kama ndugu.

"Ulijua," Povu akasema.

"Nilijua."

"Kwa nini? Ningekudai nini mimi?"

"Hukudai, na usingedai. Lakini dereva hukaa kijiweni mchana kutwa, anakunywa chai, anasimulia. Watu humsikiliza dereva. Mwosha magari nani anamsikiliza?" Akavaa miwani. "Na usinikasirikie. Nilikupa nafasi ya kunitaja mbele ya mashahidi. Nani mwingine angekupa?"

Akarudi ndani, maana walikuwa wamebaki waombaji wanne.

Dada alikuja bombani siku iliyofuata, asubuhi, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu. Povu alipomwona hivyo alijua si huruma iliyomleta.

"Umenitia aibu," akasema. "Mume wangu hakula jana. Ananiambia alikupigania mpaka mwenyekiti akachoka, akakuombea nafasi ya pili, wewe ukakaa kimya kama gogo kumlinda mwizi mwenzio. Mwizi, kaka! Aliyekuacha uozee jela, hakukuletea hata kiberiti! Huyo ndiye unayemheshimu kuliko sisi?"

"Dada, yaache."

"Siyaachi. Nilitembea kwa miguu kuja kukuona. Huyo wako alitembea?"

Povu alikuwa ameshika kitambaa kinachotiririka maji. "Hapana," akasema. "Hakutembea."

"Umemshukuru shemeji yako?"

"Bado."

"Twende."

Miwani alikuwa kijiweni na madereva sita, ameketi kwenye kiti chenye mto. Dada alisimama nyuma ya kaka yake, mikono kifuani, anangoja.

"Shemeji," Povu akasema. "Ahsante."

"Kwa lipi?"

"Kwa jana."

"Sema kwa sauti, mwanamume, hawa wazee hawasikii vizuri."

"Ahsante kwa kunipigania."

Miwani akawageukia madereva, akanyoosha mkono kuelekea kwa Povu, kama anayeonyesha gari alilolitengeneza vizuri. "Mmesikia? Nasi tuna tabia ya kusema watu wa jela hawana shukrani."

Walicheka. Dada naye alitabasamu, uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamsogelea mumewe na kumtoa uzi uliokuwa umeganda begani.

"Ndiyo nilivyomlea," akasema.