Maua ya Miparachichi ya Rodrick

Kipupwe kilipokwisha na jua likaanza kuwaka mapema juu ya milima ya Gonja, miparachichi ya Rodrick ilichanua. Mwaka huu ilichanua kwa fujo; vishada vya maua ya kijani kilichopauka vilijaa kila tawi, hata majani yakawa kama yamejificha. Majirani waliopita njiani walisimama wakatoa hongera. Ernesta, mkewe, alizipokea, akashukuru, kisha akaingia ndani kufunga madirisha.

Alikuwa na sababu. Msimu uliopita wa maua, nyuki mmoja alimchoma Rodrick shingoni. Rodrick alikuwa fundi seremala, mtu wa porini na mbaoni, aliyekwisha kuchomwa na nyuki tangu utoto wake bila kujali. Safari hiyo alivimba uso mpaka macho yakafumba, na pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Walimwahisha hospitali. Siku ya kumruhusu, daktari alimtazama Ernesta badala ya mgonjwa.

"Mama, mwili wake sasa hauvumilii sumu ya nyuki. Akichomwa tena inaweza kuwa mbaya kuliko hivi. Mleteni haraka, msikae kungoja mwone itakuwaje."

Ernesta alirudi nyumbani na maneno hayo, na hayakumtoka. Yalimtulia kidogo wakati maua yalipopukutika na matunda yakakua, lakini vishada vilipoanza kuchomoza tena, alikosa raha. Akiwa jikoni alitega sikio upande wa miti. Rodrick akikohoa tu, Ernesta alikuwa keshatoka nje na mwiko mkononi.

"Nini?" Rodrick aliuliza.

"Nimesikia unakohoa."

"Moshi wako huo."

Mwenyewe hakuwa na habari. Kila asubuhi, akishamaliza chai, alibeba kigoda chake akaenda kukaa chini ya miti na kutazama juu. Miche ile aliipandikiza kwa mikono yake, mibuni ilipozeeka, na alikuwa ameijua kama mtu anavyowajua wanawe. Siku moja alimwita mkewe, akainamisha kishada.

"Unaliona ua hili? Leo limefunguka likiwa jike. Baadaye litafunga. Kesho litafunguka tena, likiwa dume. Sasa nani atatoa ungaunga wa mti ule auletee mti huu kwa saa yake, kama si hawa?"

Nyuki mmoja alikuwa anazunguka kwenye ua lile lile, karibu na kidole gumba cha Rodrick. Ernesta hakuliona ua. Alikiona kidole.

"Wafanye kazi yao," alisema, "na wewe ufanye yako mbali nao."

"Mama Blessing, nyuki akiwa kwenye ua hana shida na mtu."

"Yule wa mwaka jana alikuwa nayo."

Ernesta alimpigia simu Blessing, binti yao anayeuza nguo sokoni Same, amwombe baba yake akakae huko mpaka maua yaishe. Rodrick aliipokea simu, akamsikiliza binti yake kwa upole mpaka mwisho, akasema, "Nije Same nitazame mabasi? Hapana, mwanangu. Mkinifungia ndani nitakufa tu, ila pole pole." Alicheka. Ernesta, aliyekuwa amesimama karibu, hakucheka.

Ndipo alipopata wazo lake. Jirani yao, Eliezeri, alilima kabichi na nyanya bondeni, na alikuwa na bomba la kupulizia dawa. Ernesta alimfuata akaliomba pamoja na dawa kidogo.

"Wadudu gani, mama?" Eliezeri aliuliza.

"Vidukari. Wako kwenye sukuma wiki."

"Basi pulizia jioni. Asubuhi nyuki wako kazini, utawaua bure."

"Nimesikia, baba."

Alichagua asubuhi. Rodrick alikuwa amekwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na vikao hivyo havikuwa vifupi. Ernesta alichanganya dawa, akajitwika bomba mgongoni, akaenda kusimama chini ya mti ulio karibu zaidi na mlango. Juu yake mti mzima ulikuwa unavuma. Alijiambia ni msimu mmoja tu. Miti itazaa mwaka mwingine, mume haoti tena. Akapampu, akaelekeza mrija wa bomba kwenye tawi la chini, akafungulia.

Nyuki walianza kuanguka. Hawakufa papo hapo kama alivyodhani. Walianguka kwenye nyasi, wakawa wanatambaa kwa kuzunguka, mabawa yameloa, miguu bado ina vifurushi vya njano. Ernesta aliwatazama. Mkono ulilegea na mnyunyizo ukakatika. Alitaka kuendelea na tawi la pili lakini hakuweza kuinua mkono, na hakuweza pia kuondoka pale. Alikuwa bado amesimama hivyo aliposikia lango la miti likisukumwa.

Kikao kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu ya msiba. Rodrick alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliona bomba, akaona nyasi.

"Ernesta. Unafanya nini?"

Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina hilo. Alikuja kwa haraka, akashika mkanda wa bomba begani kwake ili amvue, na Ernesta akasema, "Usije huku, Baba Blessing, rudi nyuma, rudi." Nyuki waliobaki hewani walikuwa wamekasirika, wanakwenda ovyo. Mmoja aliingia kwenye ukosi wa koti. Rodrick alijipiga kofi shingoni, akatulia, akamtazama mkewe.

"Amenichoma," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa.

Ernesta alilitupa bomba, akakimbia hadi kwa Eliezeri akipiga kelele jina lake. Eliezeri alikuwa na pikipiki. Walipanda mshikaki, Rodrick katikati, Ernesta nyuma amemkumbatia. Barabara ya mlimani ilikuwa na makorongo na pikipiki ilikuwa inaruka. Ernesta aliweka sikio lake mgongoni kwa mumewe, asikie pumzi. Mwanzoni aliisikia. Kisha akausikia ule mluzi. Kisha mluzi ukawa mwembamba, na kichwa cha Rodrick kikaegemea bega la Eliezeri.

"Kaza mwendo," Ernesta alisema.

"Nikikaza tutaanguka, mama."

"Kaza hivyo hivyo."

Walifika. Nesi alipoona uso wa Rodrick hakuuliza jina. Alimchoma sindano ya paja, wenzake wakaleta oksijeni, na Ernesta akaambiwa akae kwenye benchi la nje. Mikono yake ilikuwa inanuka dawa. Alikwenda kuiosha, akarudi, ikawa bado inanuka.

Walipomruhusu kuingia, Rodrick alikuwa amekaa, midomo imevimba, macho yanaonekana. Ernesta alianza kujieleza. Rodrick aliinua mkono.

"Umepulizia mti mzima?"

"Tawi moja."

"Basi."

Hakulizungumza tena jambo lile. Lakini aliporudi nyumbani hakubeba kigoda. Alitafuta mbao, akanunua wavu wa chuma wa madirisha, akazungushia baraza yote, na mlango wake akaufunga springi ujirudishe wenyewe. Alifanya kazi hiyo jioni tu, nyuki wakishalala, naye Ernesta akimshikia misumari. Ernesta ndiye aliyekwenda kumweleza Eliezeri kwamba hapakuwa na vidukari. Eliezeri alisema alikwisha kujua, alipofuata bomba lake chini ya mti.

Tawi lile lilipukutisha maua yake yote. Matawi mengine yakaanza kufunga vitunda, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Kwa kuwa Rodrick hakuweza tena kwenda kuvikagua, Ernesta alikwenda yeye, kichwa amekifunga kanga, akainamisha vishada kimoja kimoja huku nyuki wakipita mbele ya uso wake, akarudi barazani kueleza. Rodrick aliuliza wapi, mti gani, upande wa jua au wa kivuli, naye akajibu. Kisha, kabla ya kukaa, Ernesta alipitisha kiganja chake kwenye wavu wote, kona hadi kona, akitafuta tundu.