Dume Mwenye Mkia Mrefu

Jumanne iliyopita nilimsindikiza binti yangu na mwanawe kliniki ya watoto, hapa Dunda. Alipoitwa ndani, nilibaki kwenye benchi la nje chini ya mwarobaini, pamoja na wanaume wengine wawili, kando ya kijana na mkewe. Mke alikuwa amempakata mtoto mchanga huku akisinzia.

Juu yetu, ndege mdogo mwekundu alikuwa akiatamia kwenye kiota kisichozidi kikombe cha kahawa. Mara akaja mwenzake mwenye mkia mrefu kama utepe, akadaka nzi hewani, akammeza. Wa kwanza akaruka kwenda zake, na mwenye mkia akakalia mayai.

"Huyo ndiye dume," alisema bibi mmoja aliyekaa mbele yetu.

"Shikamoo bibi. Lakini dume haatamii," kijana alijibu.

"Marahaba mwanangu. Kwetu shambani tunawaona kila mwaka. Wanapokezana, mmoja anaatamia, mwingine anakwenda kutafuta wadudu."

Kijana alitazama juu kwa muda mrefu. Dume alikuwa ametulia, mkia ukining'inia nje ya kiota. Hatimaye kijana akamgeukia mkewe, akanyoosha mikono.

"Nipe nimpakate. Nenda ukanywe chai."

Mke alikwenda kwa muuza chai, akanywa vikombe viwili polepole, bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Wanaume tuliobaki kwenye benchi tulianza kusoma matangazo ya ukutani. Mimi nimelea watoto watano. Au tuseme, walilelewa nikiwapo.